Pistoni ya Mwenye Bucha

Dhamana aliiona pikipiki ya mwenye bucha akiwa amechuchumaa nyuma ya magunia ya mkaa, akisubiri muuza viatu apite. Muuza viatu alikuwa na hasira zake na, tuseme ukweli, alikuwa na haki nazo. Lakini Dhamana hakuwa na nafasi ya kufikiria haki za watu. Macho yake yalikuwa kwenye pikipiki ile: aina ileile kama yake, injini bado inang'aa, na ilipowashwa ilinguruma kwa adabu kama mgeni anayeomba chumvi mezani.

"Riziki kama ajali, huijui ijapo," alijiambia, akaendelea kuchuchumaa.

Jina la Dhamana hakupewa na wazazi wake, alipewa na mtaa. Kila alichouza alikidhamini mwaka mzima, kwa mdomo, mkono kifuani: redio, dawa ya kuotesha nywele, mbwa wa ulinzi aliyeogopa paka. Mwaka mzima huo mnunuzi hakumwona tena. Kazi ilikwenda vizuri mpaka akagundua, kwa masikitiko makubwa, kwamba amekwisha kuwatapeli watu wote wanaofikika kwa miguu. Ng'ambo ya mji ilikuwepo mitaa mizima ya watu wema wasiomjua, lakini pikipiki yake ilikuwa chini ya turubai, pistoni imelegea, silinda imechubuka ndani, haipandi hata tuta. Na tapeli asiye na usafiri ni mwizi wa kuku mwenye kikohozi. Akikosa pikipiki, siku moja magunia ya mkaa yatauzwa yote, naye ataonekana.

Mwenye bucha alikuwa amehamia mtaani juzijuzi, hajaonywa na mtu. Kesho yake, wakati anakatakata maini, Dhamana alipita nyuma akamimina oili kidogo kwenye bomba la moshi la pikipiki yake. Mwenye bucha alipoiwasha, moshi wa bluu ulitanda hadi nzi wakahama. Dhamana, kwa bahati, alikuwa anapita hapohapo.

"Pole sana, bosi," alisema, akavua kofia.

"Pole ya nini?"

"Injini imeanza kula oili. Hebu isikilize inavyopumua."

Mwenye bucha akainamisha sikio. Mtu akiambiwa asikilize ugonjwa, huusikia. "Kweli, inakoroma. Sasa?"

"Ifunguliwe juu. Kichwa, silinda, pistoni na ringi zake. Chini ni nzima, ubaya uko juu tu. Na kampuni imenipa seti moja mpya nimfungie bure mtu mmoja mwenye heshima zake, watu waone ubora. Hapa nilikuwa nampelekea mwenye duka la dawa."

"Yule ana heshima gani?" mwenye bucha aliuliza haraka. "Umesema bure?"

"Bure kabisa. Mimi nachukua zile mbovu tu, kampuni ikazichunguze. Ila kazi tuifanyie nyumbani kwako. Hapa barabarani wakiona, kila mtu atajifanya ana heshima."

Basi sebuleni kwa mwenye bucha likatandikwa shuka kuukuu, viti vikasukumwa ukutani, pikipiki ikaingizwa ndani. Kwenye kochi alikaa mama mkwe wa mwenye bucha. Huyu ndiye aliyeshika mizani buchani: mkwe anakata, yeye anapima na kufunga. Mwenye bucha alikuwa mtu wa kupasua paja la ng'ombe kwa pigo moja, lakini mbele ya mama mkwe wake alikalia nusu ya kiti.

Mtu apewe haki yake: Dhamana kazi aliijua. Alitoa tangi, akafungua kabureta na bomba la moshi, akafunga mnyororo wa ndani kwa waya usije ukatumbukia, akalegeza nati nne za kichwa kwa kupishanisha pembe ili kisipinde. Alipokwisha kuinua silinda aliziba mdomo wa injini kwa kitambaa, akachomoa pini, na pistoni ikamjia mkononi, laini, haina hata mchubuko mmoja. Machozi yalimlengalenga.

"Mnaona wenyewe," alisema kwa huzuni. "Imekwisha."

"Mbona inang'aa?" aliuliza mama mkwe.

"Ndiyo dalili yenyewe, mama. Ikichakaa sana hung'aa."

Kisha akatoa mfukoni seti "mpya", yaani mizoga yake mwenyewe aliyokuwa ameisugua kwa majivu na dawa ya meno.

"Na hizo mpya mbona zimefifia?"

"Hazijaanza kazi, mama. Bado zina haya."

Mwenye bucha alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama mkwe hakutikisa chochote. "Na wewe mwanangu, una pikipiki?"

"Ninayo, mama. Kama hii hii. Imepumzika tu nyumbani."

"Imepumzika," mama mkwe alirudia taratibu, akaendelea kumtazama mikono.

Dhamana alizifunga zile mbovu kwa uangalifu wote, akazungusha ringi ili nafasi zake zisikae mstari mmoja, akabandika gasketi ya kuziba maungio, akakaza nati. Alipomaliza, akainua kidole. "Msiiwashe mpaka kesho. Gasketi ikifungwa lazima ilale." Wote wawili waliitazama pikipiki kwa heshima, wakashusha sauti.

Alipoanza kukusanya zile nzima, mama mkwe alimshika mkono. "Acha, mwanangu. Kufunga ni kazi yetu sisi. Mikono imejaa oili, nenda kanawe, sabuni iko nyuma."

Dhamana akaenda kunawa. Aliporudi alikuta furushi limekwisha kufungwa kwa gazeti na kamba, pembe zimekunjwa vizuri. Alilipima kwa mkono. Uzito ulikuwa uleule. Akabusu mkono wa mama mkwe, akatoka mbio kidogo.

Nyumbani alivua turubai, akapanga spana, akakata kamba. Ndani ya gazeti lilikuwamo goti zima la ng'ombe na kwato mbili, zimepangana kwa ustadi.

Dhamana alikaa chini. Aligeuza gazeti, akatikisa, akachungulia hata ndani ya kwato. "Watu wamekuwa waovu," alisema, na uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa. Usiku kucha aliwaza dunia inakwenda wapi, ikiwa mtu huwezi kumwachia mama wa makamo kifurushi ukanawe mikono.

Asubuhi alirudi buchani, amevaa uso wa fundi anayefuatilia kazi yake. Hakufika hata mlangoni. Mwenye bucha alitoka na shoka la mifupa.

"Fundi! Nimepeleka nyama kwa wateja, wote wameirudisha. Wanasema hawakuagiza ya kukaushwa kwa moshi! Na pale kilimani nimeisukuma. Mimi, kusukuma! Itengeneze leo, sasa hivi."

"Bosi, bila spea..."

"Spea ninazo mimi," mama mkwe alisema kutoka kwenye mizani. "Njoo huku nyuma, mwanangu, tuelewane. Mkwe wangu, hudumia wateja."

Nyuma ya bucha, juu ya gogo la kukatia, silinda, kichwa na pistoni vilikuwa vimelazwa kwenye gazeti safi. Dhamana alivitambua kama mtu anavyowatambua wanawe.

"Mama, shikamoo. Lakini hizi ni za mkweo mwenyewe."

"Marahaba. Za mkwe wangu? Si ulisema zile zimekwisha? Hizi ni nzima, nimezikagua. Basi haziwezi kuwa zile."

Dhamana akanyoosha mkono achukue pistoni.

"Au nimwite aje," mama mkwe aliendelea kwa upole, "umweleze kwamba ulizomtolea zilikuwa nzima? Bado ameshika shoka."

"Mimi nilipewa goti, mama!"

"Anayekupa kipya bure ana haja na cha zamani. Na mwenye haja ya chuma hupewa mfupa, uzito ni mmoja. Sasa hizi nauza."

"Unaziuzaje?"

"Kwa ile pikipiki iliyopumzika nyumbani kwako. Nitazipata spea zangu humo, na chuma kilichobaki nitauza kwa kilo."

Dhamana alilia, alicheka, alimsifu sura, alimwambia anafanana na mama yake mzazi, akamtolea dhamana ya mwaka mzima. Mama mkwe alisikiliza yote akipangusa mizani. Kutoka mbele ya bucha shoka liligonga mfupa, na Dhamana akakubali.

Akaifungua ile injini upya, akatoa mizoga yake, akarudisha vyote vilivyotoka, kwa mikono yake na kwa gasketi aliyoitoa mfukoni mwake. Pikipiki iliwaka kwa mpigo wa kwanza, haikutoa hata uzi wa moshi. Mwenye bucha alimkumbatia. "Fundi ni wewe tu!" alisema, akampa utumbo.

Ikabaki kulipa. Mama mkwe alimfuata hadi kwake, akavua turubai kwa mkono wake mwenyewe, akaamuru safari ianze. Pikipiki haikuwa na kichwa wala silinda, kwa hiyo ilibidi isukumwe mtaa mzima, mchana kweupe, kwenye njia ambayo Dhamana hakuwahi kuipita isipokuwa kwa kukimbia.

Muuza viatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona. Akaacha meza yake. Akaja yule wa redio. Akaja mwanamke wa dawa ya nywele, amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Akaja mwenye mbwa, na mbwa mwenyewe, ambaye safari hii alibweka.

"Dhamana!" walimwita, wakikunja mikono ya mashati.

Mama mkwe akasimama katikati ya barabara, akainua kiganja. "Jamani, taratibu. Pikipiki ni yangu. Mtu ni wenu. Lakini aifikishe kwanza buchani, mimi siwezi kuisukuma."

Watu wakatazamana, wakaona amesema haki. Wakajipanga nyuma kwa utulivu, wakaanza kufuata. Buchani palikuwa karibu, mlango ulionekana kabisa pale mbele. Na Dhamana, ambaye maisha yake yote hakuwahi kulalamika kwamba njia ni fupi, aliinamia usukani, akapunguza hatua, akasukuma taratibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kusukuma chochote.