Habari za Ngusa wa Ivuna, Dole Gumba Lake, na Kinyesi cha Popo

Sogeeni, enyi watu wa nyanda za Momba! Mnaochemsha chumvi, punguzeni moto. Mnaochunga, fungeni ndama. Nanyi mlio Tunduma katikati ya malori yanayongoja kuvuka mpaka, zimeni injini mnisikie. Nitawasimulia vita vilivyopiganwa juu ya nchi isiyozidi upana wa ukucha, na mtu aliyevishinda akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Ewe ulimi wangu, usiteleze. Ewe koo, usikauke kabla sijamfikisha shujaa huyu salama.

Paliondokea mtu huko Ivuna, jina lake Ngusa, Msukuma ambaye wazazi wake walishuka bondeni na ng'ombe wao wakatafuta malisho, wakakaa. Alikuwa mwenye fimbo nene, mkanyaga mbuga, mshika pembe za madume. Akikohoa, fahali walipisha njia. Akipiga mluzi, kundi zima liligeuka kama askari walioamriwa.

Basi adui akamjia. Hakuja kwa ngoma wala baragumu. Alikuja mdogo kuliko chembe ya ulezi, akaingia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu wa kulia, akachimba handaki, akaketi humo akanenepa kwa damu ya kishujaa, akaanza kutaga. Mwajua namtaja nani. Alikuwa funza.

Ngusa hakumwambia mtu. Kwa kuwa kote bondeni watu husema funza ni ugonjwa wa wachafu, naye mtu wa heshima kama yeye angeanzia wapi? Alipoonekana akichechemea alitangaza kuwa amekanyagwa na maksai. Maksai mwenyewe, asiye na hatia, akatazamwa vibaya kijiji kizima.

Mkewe tu ndiye aliyejua, Stamili mwenye sindano, aliyemtoa funza mmoja leo na kesho akawakuta ndugu zake wamehamia. Hatimaye akamsukuma mumewe aende zahanati kwa siri. Huko nesi Restuta alimsikiliza kwa huruma, akafungua kabati, akalifunga.

"Dawa ya funza hatuna, baba," akasema. "Tumeletewa mabango ya popo. Nikupe bango?"

Ngusa akarudi na bango.

Na sababu ya mabango hayo ni hii. Huko mbali, katika miji yenye baridi, wakuu wa dunia walikuwa wameketi kwenye viti laini wakaulizana ni maradhi gani yanayoweza kutoka kwetu, yakapanda ndege, yakawafikia wao. Wakamfikiria popo, wakatetemeka. Wakafungua hazina kubwa iitwayo Mfuko, wakaagiza kila popo wa Afrika apimwe. Funza wakamwacha, kwa kuwa funza hana pasipoti.

Ndipo ulipotokea Ivuna msafara wa magari meupe yaliyosheheni nyavu, majokofu na hadubini moja ing'aayo kama kinara. Kiongozi wake alikuwa Daktari Lusubilo, mwana wa milima ya Ileje, mpole wa sauti, msomi wa mabawa. Pamoja naye alikuwa msaidizi wake Bushra, binti wa wafanyabiashara wa Tunduma, mwepesi wa simu na wa maneno. Wakafika moja kwa moja kwa Ngusa, kwa sababu paa la banda lake la mpunga lilikuwa limejaa popo kama kapu lililojaa dagaa.

"Ewe Mzee Ngusa, bwana wa mbuga," akanena Lusubilo, akiinamisha kichwa, "tumekuja kwa heshima kuomba kutega nyavu bandani mwako."

Macho ya Ngusa yalikuwa juu ya hadubini. Aliwahi kumshika dume lenye wazimu bila kufikiri mara mbili, lakini maneno aliyotaka kuyasema sasa yalikuwa mazito kuliko dume. Majirani walikuwa wamejaa uani. Twaibu, mnunuzi wa mpunga kutoka Tunduma, alikuwa amekalia ndoo hapo mbele kabisa.

"Nyavu mtatega," akasema Ngusa mwishowe. "Ila kwanza chombo hicho kimtazame mgeni aliye mguuni mwangu. Nisikieni nyote! Sikukanyagwa na maksai. Nina funza."

Hakuna aliyecheka. Twaibu akatazama miguu yake mwenyewe, akaivuta taratibu nyuma ya ndoo. Mama mmoja akashusha khanga ikafunika vidole vyake. Naye Stamili akamtazama mumewe kwa jicho ambalo hakumtazama nalo tangu siku ya posa.

Lusubilo akahuzunika. Mjue kwamba katika ujana wake alitaka kuwachunguza funza, na aliomba msaada kote duniani, akajibiwa kwa adabu: "Jambo lako linatugusa sana, ila halitutishi." Tangu hapo aliwapenda popo, kama mtoto ampendavyo mama wa kambo mwenye ufunguo wa jiko.

"Mzee wangu," akasema, "hadubini hii ni ya popo. Kibano ni cha popo, spiriti ni ya popo, hata sabuni ni ya popo. Siwezi bila ruhusa ya Mfuko."

"Basi ombeni ruhusa," akasema Ngusa, akaketi mlangoni mwa banda, fimbo mapajani. Nyavu zikabaki garini.

Bushra akapanda kichuguu kikubwa nyuma ya zizi, kwa maana huko ndiko mtandao ulikopatikana, akaongea na Mfuko kwa Kiingereza kirefu huku siafu wakimpanda. Aliposhuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba habari za msiba.

"Mfuko unakusalimu, mzee," akatangaza. "Unasema kidole chako ni muhimu sana. Lakini si kipaumbele."

"Kipaumbele ndiye nani?" akauliza Ngusa. "Anakaa wapi, nikamwone?"

"Si mtu, baba."

"Si mtu, na anatoa amri?"

Bushra akapangusa siafu mkononi, akaendelea. "Wamesema hadubini itazame popo, na chochote kilichoguswa na kinyesi cha popo. Basi."

Lusubilo, aliyekuwa ameinama, akainuka polepole.

"Bushra, mwanangu, hebu rudia hayo ya mwisho."

"Chochote kilichoguswa na kinyesi cha popo."

Daktari akatazama paa la banda, kisha akatazama dole gumba, kisha paa tena. Na tabasamu ambalo lilikuwa limelala tangu ujana wake likaamka.

Ndipo shujaa akavikwa silaha. Wakamvalisha vazi jeupe la kujikinga, fupi kwake, lililomkomea chini ya magoti, wakamfunga barakoa, wakamtia miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea. Lusubilo akapiga magoti, akaliziba donda kwa plasta safi, kinyesi kisije kikaingia. "Plasta ikiguswa yatosha," akasema. "Amri haikusema kidole kiwe uchi."

Ngusa akaingia bandani. Akauinua mguu wa kulia, akaunyoosha mbele yake kama mkuki, akasimama kwa wa kushoto akiegemea fimbo. Juu yake jeshi la popo lilining'inia kichwa chini, likimdharau.

Kombora la kwanza likaangukia bega. La pili likamkosa shujaa, likampata Daktari Lusubilo utosini, naye akalipokea bila neno. Kisha popo wakakaza matumbo. Paja la Ngusa likaanza kutetemeka, jasho likajaa ndani ya miwani, ganzi ikapanda kutoka kifundo hadi nyonga. Akafikiri kuushusha. Akawakumbuka watu waliokuwa nje, waliomsikia akisema neno lile, akaona kwamba akirudi na dole lile lile ataishi na aibu bila hata maksai wa kumsingizia. Akauma meno.

"Baba Mayala!" Stamili akamwita mumewe akichungulia dirishani. "Sogeza kushoto! Yule mnene anajiandaa!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako! Kidogo! Hapo hapo, usipumue!"

Na yule popo mnene, mkuu wa paa, akajinyoosha, akatikisa mkia usiokuwapo, akaachia. Likaja likishuka, dogo, jeusi, lenye majaliwa, likatua *pa!* juu ya plasta.

"Sampuli!" Lusubilo akanguruma. Vigelegele vikalipuka uani hata popo wakaruka, wakaingia wenyewe katika nyavu ambazo Bushra, aliyejua kutumia nafasi, alikuwa amekwisha kuzitandaza.

Dole likanawishwa kwa sabuni ya popo, likapanguswa kwa spiriti ya popo. Kwa kibano cha popo funza wakatolewa mmoja mmoja, na aliye mkubwa akawekwa chini ya hadubini. Ngusa akainama akamtazama adui yake uso kwa uso.

"Kumbe ndiwe," akasema. "Mbona una tumbo kuliko mwenyekiti?" Kisha kwa sauti ya chini, "Ulinifanya nimsingizie ng'ombe."

Kesho yake banda lilijaa. Watu walikaa chini kwa safu, miguu mbele, plasta vidoleni, nyuso zimeelekea paani kwa matumaini. Na Twaibu alikuwa wa kwanza. Lusubilo akatuma taarifa ya kweli tupu: kwamba katika Ivuna, kinyesi cha popo kimekutwa juu ya vidole vingi vya watu, na ndani ya vidole hivyo mna funza. Mfuko ulishtuka vibaya mno. Viti laini vikasogezwa, wakuu wakaulizana kuhusu popo na vidole, na baada ya majuma kadhaa likaja agizo, pamoja na maboksi ya mafuta ya kuua funza: kila mguu wa Ivuna utazamwe na utibiwe, kwa usalama wa dunia.

Lusubilo alilisoma akiwa juu ya kichuguu, akacheka hata akakaa juu ya siafu, akaendelea kucheka.

Basi na ijulikane kuanzia Ikinga hadi Mbangala, na wanaofundisha wafundishe, kwamba ni katika siku hizo funza wa Ivuna aliingia katika sayansi ya dunia akipitia mlango wa nyuma wa popo. Naye Ngusa, mtega mguu, mpokea makombora, alitoka asubuhi moja mbele ya watu wake, akaweka kisigino chini, kisha unyayo, kisha dole gumba lote zima juu ya ardhi ya Momba. Halikuuma. Akapiga hatua ya pili kuhakikisha.