Mtunza Vyombo wa Kiwanja cha Ndege

Abdille hakuwa na tiketi wala kazi, lakini kila asubuhi alifika kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji kabla ya rubani. Alikuwa amemsoma mkaguzi Dubow, mtu mpole mwenye hofu nyingi, ambaye kila akisikia habari mbaya hutunga sheria. Ilisemekana kisu kilifichwa ndani ya kiatu. Kesho yake abiria wote wakatembea pekupeku juu ya mchanga wa moto. Zikasikika habari za wembe ndani ya kofia. Kofia zikakatazwa, viatu vikasamehewa.

Basi Abdille akaanza kuzitunga habari mwenyewe. Alfajiri moja alimnong'oneza Dubow kwamba kuna mtu, walahi, kaficha bastola ndani ya samli. Kufikia saa mbili hakuna chombo cha mafuta wala cha majimaji kilichopita. Abdille akasimama langoni na koti la kung'aa kama la wafanyakazi wa kiwanja, akipokea vyombo avitunze mpaka wenyewe warudi. Adhuhuri angekuwa sokoni Modogashe, anaviuza.

Ndipo akaja Barwaqo, bibi kizee, na mkebe wa nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyozamishwa katika samli. Bintiye Fartun alikuwa amejifungua Nairobi na kila chakula kilimshinda. Alikuwa ameomba hicho tu.

"Niachie mimi, ayeyo, bibi yangu," Abdille akamwambia kwa sauti ya imamu. "Kwangu ni kama umeweka msikitini."

Bibi aliona alivyousogeza mkebe kivulini, akamwombea dua. Akaona pia pikapu inayopakiwa vyombo vya abiria wenzake. Akamwendea Dubow, akamuuliza hali ya mama yake, kisha akasema taratibu:

"Mwanangu, vyombo vyote usivyovikagua vimerundikwa mlangoni pako. Kwetu anayekupa maziwa huyaonja kwanza. Huyo mtunzaji aonje."

Dubow akaifikiria sumu kwa mara ya kwanza, na sheria mpya ikazaliwa papo hapo: mwonjaji akibaki hai, chombo kipite.

Abdille akadai amefunga. Dubow akamkumbusha chai na mandazi waliyokula pamoja asubuhi. Abdille akaonja samli, maziwa yaliyochacha, mafuta ya nywele, na kijiko kizima cha dawa ya minyoo ya mbuzi, askari wawili wakimshika mabega kwa heshima. Hakufa, ingawa aliomba. Pikapu ikaondoka tupu.

Mkebe wa Barwaqo ulibaki wa mwisho. Aliufungua mwenyewe, akachagua kipande kinono, akakiweka katika kiganja cha Abdille.

"Kula, mwanangu. Kitaondoa ladha ya dawa."

Abdille alikula polepole, machozi yakimlengalenga. Akaubeba mkebe kwa mikono miwili mpaka kwenye ngazi ya ndege, akamkabidhi bibi kwa adabu, kisha akakimbilia chooni kwa mwendo ambao rubani mwenyewe aliutazama kwa wivu.