Rimoti, Jubba na Usingizi wa Hafidh Sejfulah

Jumatatu, 9 Septemba, Mfungo Sita

Bismillahi. Asubuhi ya ukungu. Bonde zima limejifunika shuka nyeupe, na mnara wa msikiti wetu umechomoza peke yake kama kidole cha shahada. Baada ya Alfajiri nilisimama uani nikalitazama gari langu. La kijivu, la heshima. Mwanangu aliyeko ng'ambo, mjini Graz, aliniachia kiangazi hiki pamoja na rimoti yake: unabonyeza ukiwa mbali, taa zinakonyeza, milango inatii.

Jumapili ni maulidi. Mgeni wetu ni Hafidh Sejfulah, mwalimu wangu wa madrasa, mzee wa miaka tisini na moja. Kwa miaka kumi na miwili ameletwa na Hasib, dereva mstaafu wa basi, katika gari lile linalonuka pilipili za kuchoma. Miaka kumi na miwili Hasib amemshika mkono mpaka mihrabuni, na mimi, mwadhini, nikitazama! Nilipokuwa na miaka kumi na sita Hafidh aliniambia kwamba sauti yangu iko darasani ila kichwa changu kiko ng'ambo ya mto. Neno hilo sijalisahau. Kabla hajaiaga dunia, na anione mtu mzima, mwenye adabu, aliyetulia.

Nilimwomba Imamu Nedžad anipe mimi heshima ya kumleta. Akasema hapana tatizo, mradi gari lifunguke. Maana Ijumaa iliyopita, mbele ya jamaa wote wa msikiti, lilikataa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimebadilisha betri. Kitu kidogo, cha duara, chembamba kama kifungo cha shati. Nyumbani, nikiwa dirishani na shati la kulalia, gari lilifunguka mara ishirini na saba. Nilihesabu kwa tasbihi.

Msikitini, baada ya Adhuhuri: kimya!

Hasib alikuwa barazani na kahawa yake, kipande cha sukari kimemjaa shavuni. Akaniuliza, "Vipi, Efendi Hilmija, limetawadha hilo au bado?" Wazee wakacheka. Kisha, kwa sauti ya huruma, akanishauri niibane rimoti chini ya kidevu, eti kichwa cha mtu huipa nguvu. Nilijua ananidhihaki. Nilingoja waondoke wote, nikajaribu. Imamu akanikuta nimeinamisha kichwa na kufumba macho. Akadhani niko katika dua, akapita kwa kunyata. Sikumsahihisha.

Hatimaye nikachomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, nikafungua kwa tundu la mlango, kama mtu anayefungua zizi la ng'ombe. Aibu.

Jumatano, 11 Septemba

Nimetafakari. Gari zima nyumbani, gonjwa msikitini. Na msikitini yupo nani? Hasib. Ni jicho la husuda.

Mimi ni mtu aliyesoma. Najua wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu hirizi. Nilifuata kauli ya wale wasionizuia. Niliandika dua kwa wino wa zafarani, nikaikunja ikawa nyembamba kama njiti ya kiberiti, nikaisukuma ndani ya tundu la ufunguo mpaka ikatoweka. Mlango mwingine wowote hauna tundu. Husuda itaingilia wapi?

Mke wangu Rabija alikuwa uani akikoroga jamu ya plamu katika sufuria kubwa, nyigu wakimzunguka taratibu kama walioleweshwa na mvuke. Akauliza ufunguo nao utaingilia wapi. Nikamjibu kwamba mwenye kutawakali hahitaji mlango wa pili. Akasema, "Haya, mume wangu. Nitakupigia rangi viatu vya kwenda kwa miguu."

Harufu ya plamu ilinilaza kitini hadi Alasiri.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekwenda kwa fundi Ekrem. Gerejini kwake gari lilitii kama mwanafunzi siku ya mtihani. Nikamsihi aje msikitini ajionee. Nilivaa jubba langu jeusi la kuadhinia, linalokaa msikitini, nikabonyeza. Kimya! Ekrem akanitazama juu hadi chini, akauliza ndani ya jubba kuna nini.

Kuna kipaza sauti. Kisicho na waya, kidogo, hubanwa kifuani. Nilikiomba mwenyewe kwa jamaa miaka miwili iliyopita. Hakitoki katika jubba, wala sikizimi, kwa kuwa kitufe chake ni kigumu na vidole vyangu ni vizee. Spika za mnarani ndizo huzimwa, kwa swichi iliyo karibu na mihrabu.

Ekrem akakizima. Gari likafunguka. Akakiwasha. Kimya. Akarudia mara tatu, kisha akasema, "Mzee wangu, hivi viwili vinatumia wimbi moja. Kikubwa kinapayuka, kidogo hakisikiki. Zima hiki, basi, umemaliza kazi."

Nilimjibu kwa upole kwamba mara tatu si ithibati. Mimi nilikuwa na ishirini na saba. Tena chombo kinachowaita watu kwenye sala kitafungaje milango? Akaguna. Halafu akaliona tundu la ufunguo, akatoa koleo jembamba. Nikamuuliza kama ana udhu. Hana. Nikamuuliza kama yuko tayari kulichana jina la Mola kwa koleo lenye grisi. Akalirudisha mfukoni polepole. "Efendi," akasema, "mimi hili gari silijui, na wewe hujaniona leo."

Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya sala nililala. Niliota gari likielea juu ya ukungu, halina magurudumu, halina sauti. Hafidh kiti cha nyuma, mikono magotini. Miplamu ilikuwa ikiinama tulipopita. Hasib alikuwa chini kabisa, mdogo kama punje, akipunga leso.

Njozi njema! Nilimsimulia Rabija. Akauliza kama katika ndoto hiyo milango ilifunguka. Sikufika hapo.

Jumapili, 15 Septemba

Ninaandika baada ya Isha.

Nilimchukua Hafidh kijijini kwake saa nne. Alinishika bega, akaniita "mwanangu", lakini hakunitaja jina. Macho yake hayaoni vizuri na masikio yamechoka. Barabarani jua lilipenya ukungu, akasinzia. Niliendesha kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Tulipofika uani alikuwa bado amelala, kinywa wazi kidogo, nuru usoni. Ningemwamshaje? Na Hasib huyo, anakuja na mkono umenyooshwa tayari! Nilitoka, nikafunga mlango taratibu, nikabonyeza. Taa zikakonyeza. Hasib akabaki ameshika kitasa. Nikaenda kuvaa jubba.

Baada ya Adhuhuri Imamu alinipa ishara: mlete mgeni. Nikabonyeza kutoka mlangoni, watu wote wakiangalia. Nikabonyeza nikiwa hatua tano. Nikabonyeza rimoti ikiwa imegusa kioo. Kidevuni pia!

Jamaa wakalizunguka gari. Wakagonga vioo. Hafidh akatabasamu usingizini. Mmoja akataka kuvunja kioo. Wanawake wakapiga kelele kwamba vipande vitamwangukia mzee. Hasib akaomba ufunguo, akauchomeka, ukagoma. "Umeweka nini humu, bwana?" Nikamwambia. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yaani umemfungia mzee wetu kwa dua?" Ekrem alikuwepo, alitazama viatu vyake. Kisha akasema kwa sauti, "Kipaza sauti, Efendi! Kizime!"

Kukizima, wakati Hafidh anahitaji kuamshwa! Niliagiza spika ziwashwe, nikaanza kaswida ya kumsalia Mtume, ile aliyonifundisha mwenyewe. Bonde lote lilinijibu. Njiwa waliruka mnarani. Nilifumba macho, nikafika ubeti wa nne, wa tano. Nilihisi nina miaka kumi na sita. Katika ubeti wa sita mkono wa Hasib uliingia ndani ya jubba langu, kitufe kikalia, sauti yangu ikakatika hewani, na Imamu, aliyekuwa ameshika rimoti, akabonyeza.

Milango ikafunguka.

Hafidh akazinduka. Akatutazama, akasema aliota yuko bustani ya madrasa, na ng'ambo ya mto kuna mwanafunzi anaimba. "Hilmija yule," akasema. "Sauti nzuri. Vuka, mwanangu, nilimwambia, vuka. Hakuvuka." Machozi yalinitoka. Kisha akanyoosha mkono, na aliyekuwa karibu ni Hasib.

Jioni alirudishwa na Hasib. Aliomba mwenyewe, eti gari lile la Hasib lina kioo cha kuteremsha kwa mkono.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimekaa uani, nimepima mambo kwa uadilifu. Hafidh alinitaja kwa jina mbele ya watu wote. Hasib hakutajwa. Na milango ilifunguka lini? Katika ubeti wa sita! Kwa hiyo ni kaswida iliyofungua. Mkono wa Hasib ulisadifu tu.

Nasikia masika mufti mwenyewe atakuja kufungua chemchemi mpya ya kutawadhia. Safari ni ya saa mbili na nusu, naye bila shaka atachoka. Asubuhi hii nimempigia Ekrem kuuliza kama anaweza kuvirekebisha vitasa vya nyuma ili aliye ndani asiweze kufungua, asije akasumbuliwa. Amekata simu. Huenda mtandao wake si mzuri. Nitampigia tena baada ya Adhuhuri.