Malalamiko ya Karani wa Dirisha la Pili Kuhusu Kugawanywa kwa Seva

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Mheshimiwa, pokea salamu zangu za heshima na masikitiko. Namlalamikia fundi wa kompyuta uliyetuletea mwezi uliopita. Kwa miaka sita seva zetu mbili, zile kompyuta kuu zinazotunza mafaili, zilihudumia idara zote kwa pamoja. Mapokezi, maabara na dirisha la dawa tuligombea mafaili yaleyale, mfumo ukaganda, nami nikawaambia wagonjwa kwa upole kwamba mtandao unasumbua. Huyu bwana ametupa sisi wa mapokezi seva ya kwanza. Maabara na dawa wakapewa ya pili. Sasa hakuna anayemsubiri mwenzake. Naomba turudishiwe utaratibu wa zamani kwa sababu hizi:

1. Chai. Mfumo ulikuwa ukiganda kila siku saa nne kasoro, maabara wakianza kuingiza majibu. Jana nilikunywa chai nimesimama.

2. Heshima. Mtu aliyesubiri kwa saa tatu atakuita bosi, mkubwa, hata baba. Anayehudumiwa kwa dakika nne huchukua kadi yake na kwenda zake.

3. Mabenchi uliyoyazindua kwa hotuba ndefu yako matupu.

4. Undugu. Mfumo ukiganda, mimi na mama wa maabara tulipigiana simu, tukalaumiana, tukapatana. Wiki ya pili sasa sijasikia sauti yake. Fundi anasema ameondoa msongamano. Nani alimtuma? Hakuna aliyewahi kulalamika, isipokuwa wagonjwa.

5. Hili ndilo linaloniuma. Juzi nilisahau kumwandikisha mama mmoja aliyebeba mtoto anachemka homa. Nilipoanza kusingizia mtandao, alinionyesha kwa kidole dirisha la jirani, ambako watu walikuwa wakihudumiwa. Kwa miaka sita kosa lilikuwa la mashine, Mheshimiwa. Sasa ni langu, na sijazoea.

Kwa hiyo idara zote zirudishwe kwenye seva zote, tubanane kama zamani, na fundi apewe likizo ndefu.

Nisalimie madaktari, wauguzi, walinzi, na wagonjwa wote, hasa wale wa zamani waliojua kusubiri.

Wako mtiifu,
Karani, Dirisha la Pili

Tanbihi: Nimepigiwa simu sasa hivi. Mke wangu ameshikwa na uchungu na yuko njiani kuja hapa. Tafadhali usiifanyie kazi barua hii mpaka apokelewe, apimwe damu na dawa zake zitoke. Na fundi asiende popote.