Chaneli Zinahama Jumamosi na Mimi Peke Yangu Ndiye Ninayejua

Jumatatu, 9 Septemba

Siku kubwa. Asubuhi nilikwenda ofisi ya komini kwa shughuli zangu nikakuta karatasi mpya ukutani. Chaneli zote za TNT, ile televisheni ya dijitali ya antena, zinahama Jumamosi tarehe 14, saa sita mchana. Dekoda isiyotafutishwa chaneli upya itabaki na skrini nyeusi. Watu walikuwa wengi kwenye foleni, lakini wote wameupa ukuta mgongo. Hakuna aliyekuwa anasoma. Mimi tu.

Nikamfikiria Eddy. Chumba chake cha video kiko ng'ambo ya barabara, kinatazamana na changu, na skrini yake ni pana kuliko mlango wangu. Tangu alipofungua, mabenchi yangu yanapumzika. Sasa Jumapili saa tisa mchana ndiyo sehemu ya mwisho ya mchezo wa televisheni wa wale wake wenza wawili wa Kinshasa wanaogombania nyumba ya marehemu. Mji mzima wa Baraka umeufuata miezi mitano. Mwenye picha siku hiyo ndiye atakayebaki na watu.

Na Clarisse, mke wangu, ameshasema. Mabenchi yakikaa matupu hata Jumapili hiyo, chumba kinakuwa stoo ya ndagala zake, dagaa wakavu anaowauza. Alikipima kwa kamba mbele yangu, akafunga fundo.

Kwa hiyo Eddy asijue. Nikaichana karatasi. Walikuwa wameibandika kwa uji wa muhogo, imeshika kweli. Mlinzi akakohoa, nikavuta kwa nguvu, kipande cha chini kikabaki ukutani. Si kitu. Tarehe ninayo, saa ninayo.

Jumanne, 10 Septemba

Eddy amekuja kwangu! Mwaka mzima hajavuka barabara, leo kavuka. Akasema ana neno kuhusu Jumamosi. Nikajua hapo hapo: amenusa kitu, anakuja kunichimba.

Nikamweleza habari za goti langu. Akarudi kwenye Jumamosi. Nikamweleza habari za mjomba wangu wa Mboko na shamba lake la muhogo, safu kwa safu. Mara ya tatu akanishika mkono akasema, “Jérémie ndugu yangu, niko natafuta kukuambia kitu moja tu.” Nikamjibu kwamba nafunga. Nikafunga. Ilikuwa saa nne asubuhi na ndani kulikuwa na wateja wanne, nikawafungia humo humo. Waligonga muda mrefu kabla sijawakumbuka.

Clarisse aliuliza Eddy alitaka nini. Nikasema upelelezi.

Jumatano, 11 Septemba

Leo nilishughulikia redio. Hatari iko pale: wakitangaza, Eddy atasikia. Mimi mwenyewe sijaisikiliza redio yetu tangu walipokataa kusoma tangazo langu mwaka jana, kwa hiyo sijui siku hizi wanasema nini. Nikaenda kumwona Nadège, mtangazaji.

Kumuuliza moja kwa moja kungekuwa kumfungulia siri. Nikapita pembeni. Nikamuuliza kama wana habari yoyote ya kuhama. Nadège akafikiri nauliza kuhusu Warundi wa kambi ya Lusenda wanaorudi kwao. Akanipa tarehe za misafara, idadi ya familia, na wapi waandikishe majina. Ili asinishuku, niliandika yote. Kurasa mbili.

Kuhusu televisheni hakugusia hata kidogo. Vizuri sana. Redio haijui.

Alhamisi, 12 Septemba

Mama Suzanne ameanza maneno. Huyu ndiye mteja wangu wa kwanza tangu nilipofungua, anauza mihogo ya kukaanga hapo nje na benchi la mbele ni lake. Leo aliniambia mbele ya watu, “Toa ile katoni, na sisi tusome. Kwa Eddy banasoma kila siku.”

Katoni ni ile niliyoibandika kwenye skrini kufunika sehemu ya chini, yenye sheria za chumba: usiteme mate, usiegemee ukuta, ukitoka umetoka. Niliiweka mwezi wa saba kwa sababu ya mwalimu Anatole. Kila maandishi yakipita chini ya picha, mwalimu anayasoma Kifaransa kwa sauti, halafu chumba kizima kinamuuliza yanasema nini, halafu wanabishana kama ametafsiri sawa. Hakuna tena anayefuata mchezo. Tangu katoni iwekwe, kuna utulivu. Mwalimu alihamia kwa Eddy wiki ile ile.

Nikamwambia Mama Suzanne kwamba anayetaka kusoma aende shule. Akabeba kiti chake, maana kiti kile kweli ni chake, akavuka barabara. Wawili wakamfuata. Hasara ndogo. Jumapili watarudi wanakimbia.

Ijumaa, 13 Septemba

Jambo baya kidogo. Ramazani mwenye maboti alipita akitoka msikitini, akaniuliza kama niko tayari kwa kesho saa sita. Nikamvuta ndani, nikamwomba kwa jina la urafiki wetu asimwambie mtu. Alinitazama kwanza. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi aliniahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote ambaye hajui.

Ramazani ni mtu wa heshima. Nimelala mchana bila wasiwasi.

Jumamosi, 14 Septemba

Saa sita kamili. Betri imejaa, jua zuri, mlango nimefunga. Nikaiambia dekoda itafute chaneli upya. Ikatafuta. Ikaleta sifuri.

Nikarudia. Sifuri. Nikaizima, nikaipiga kofi dogo, nikarudia. Sifuri.

Nilitoka nje kupata hewa. Ajabu: watu wako juu ya mapaa avenyu nzima, kila mmoja anageuza antena kuelekea mlimani. Nadhani ni upepo wa jana uliozisumbua. Eddy naye yuko juu ya paa lake. Aliponiona alinyoosha mkono kuelekea antena yangu, halafu kuelekea mlimani, halafu tena antena yangu. Kejeli. Nikaingia ndani.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa.

Saa tisa kasoro robo nilikuwa na wateja saba, ambao kwa Eddy walikosa nafasi. Skrini nyeusi. Niliwaambia picha inatoka Kinshasa, ni mbali, wavumilie.

Saa tisa Mama Suzanne akachungulia dirishani. Nafikiri alinihurumia, ndicho kilichoniumiza. Aliniuliza kwa nini sijageuza antena. Mnara wa zamani umezimwa, picha sasa inatoka mnara mpya wa juu mlimani, njia ya Fizi. Kila mtu anajua, imeandikwa pale komini: geuza antena kwanza, kisha ndipo utafute chaneli. Kipande hicho kiko ukutani mpaka leo. Kuna mjinga mmoja, akasema, alichana sehemu ya juu, lakini haikudhuru kitu. Tarehe walikuwa nayo tangu mwezi wa nane. Ilipita chini ya picha kila jioni na mwalimu Anatole akawasomea. Nadège aliisoma redioni mpaka akaikariri. Padri alitangaza baada ya misa. Imamu naye. Ni chumba changu tu, kwa sababu ya katoni, ndicho ambacho hakikusoma. Ndiyo maana Jumanne Eddy alivuka barabara: alijua sitajua.

Nikapanda juu ya paa. Bomba la antena limeshika kutu. Nilisukuma, nikapiga kwa jiwe, na chini yangu niliwaona wale saba wakitoka mmoja mmoja na kwenda kusimama dirishani kwa Eddy. Mchezo niliufuata kwa masikio. Kisha wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakanung'unika. Nadhani mke mkubwa amepata nyumba.

Eddy alitoka mlangoni akaniita. Akasema niteremke, kiti kipo, kuna dakika kumi bado. Nikamjibu nina kazi. Sikuwa na kazi, antena ilikuwa imeshageuka. Nilikuwa na aibu, nikakaa juu ya bati la moto mpaka wote walipoondoka.

Niliposhuka, mabenchi yalikuwa nje na Clarisse alikuwa anapanga magunia. Alininyooshea gunia moja nilibebe.

Jumatano, 18 Septemba

Magunia kumi na mbili. Harufu imeingia hata katika daftari hili. Televisheni nimeachiwa kwenye kona, lakini mbele yake kuna gunia.

Siku tatu nimejichunguza. Mtu mzima lazima akubali kosa lake, na mimi kosa langu nimeliona: nilichana karatasi kavu. Uji wa muhogo haukubali kuvutwa, unataka maji ya moto.

Leo komini wamebandika karatasi nyingine. Nilikwenda na termosi ya chai, ndani maji yanachemka, nikaegemea ukuta kama mtu aliyechoka na kumimina kidogo kidogo nyuma ya mgongo. Imetoka nzima, mpaka kona zote nne.

Nimeisoma nyumbani, nimekaa juu ya ndagala. Ni chanjo ya mbuzi, Ijumaa hii, siku moja tu. Mimi sina mbuzi.

Eddy ana sita.