Breki Zote Ziko Imara

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi anatafuta msimamizi wa karakana. Ijumaa atachagua: mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Nitakuwa mimi. Lazima! Baiskeli za kukodisha ni sita, zote za umeme, za kupandia milima. Tumegawana tatu tatu. Kila asubuhi unakagua tairi, betri, boliti na pedi za breki, halafu unaweka alama kwenye daftari. Shemeji hutumia saa nzima, kapiga magoti kama anaomba radhi. Mimi nimeweka alama za wiki nzima leo hii hii. Dakika nne.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda nikipitapita mbele ya Shangazi, spana mkononi. Kasifu daftari langu, eti ni safi. Shemeji yuko chini ya namba tano anabadilisha pedi. Kasema zimebaki nyembamba kama ukucha. Kujipendekeza tu!

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Shangazi kauliza namba tatu ina hali gani. Nikasema nimeikagua asubuhi hii, breki ziko imara. Akasema jana jioni aliipeleka mwenyewe kwa fundi wa mota. Akafunua ukurasa, akauliza Jumapili imefika lini. Shemeji akakohoa. Kikohozi cha uongo kile! Nikaona nisishindwe. Nikatangaza kwamba kesho nitateremka kilima na namba mbili, waone breki zangu. Shemeji akanisihi niikague kwanza. Wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Kupanda, raha tupu. Mota inasukuma, mimi natabasamu. Kushuka ni habari nyingine. Nikabana breki ya mbele, mkono wake ukalala mpaka kwenye usukani. Nikabana ya nyuma, ikalia chuma kwa chuma, mwendo uleule. Nikapiga kengele, sijui ya nini. Nimeokolewa na rundo la maranda nje kwa seremala. Niliogopa sana, nakiri humu tu. Shemeji ndiye aliyenichomoa, kwa kunivuta miguu. Kilichoniuma zaidi, hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi ni shemeji. Nimelia kidogo bafuni. Shangazi kanipa nafasi ya mwisho, lakini daftari basi. Kila asubuhi nikague baiskeli zangu, nipigwe picha nikibana breki, nimtumie kwenye simu. Nikimaliza mwezi bila kukosa siku, huenda nikapewa tawi la pili. Nimeapa mbele yake. Safari hii nimekaza kweli!

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamka alfajiri. Nimebana breki mpaka vidole vimekufa ganzi, sikupumzika. Mke wangu ndiye mpiga picha, kila dakika ananiuliza kama nina akili timamu. Mashati yangu yaliishia tarehe kumi na tisa, ikabidi niazime ya shemeji. Kufikia saa nne, mwezi mzima tayari!