Kasoro za Kifaru cha Mama Milcah

Mwizi wa kawaida huingia kwa dirisha. Willis aliingia kwa salamu, na watu walimfungulia mlango wenyewe, wakamvutia na kiti.

Asubuhi hiyo alikuwa akizurura sokoni Kakamega, tabasamu limewaka mbele kama taa ya lori, alipoona kitu kilichombandua roho kidogo. Kwenye kibanda cha Mama Milcah, muuza midoli ya mitumba, kati ya mdoli wa mkono mmoja na gari lisilo na magurudumu, kulikuwa na boksi la kifaru cha vita.

Si kile cha mtoto kusukuma vumbini. Hiki kilikuwa cha kuunga mwenyewe: vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu zake, karatasi ya maelekezo, stika za nambari, na ukikimaliza kinakaa kwenye kiganja. Wako watu wazima, wenye wake na shahada, wanaotafuta vitu hivyo ili wapigane upya vita vya zamani juu ya meza, kwa rula na dadu. Mmoja wao ni Daktari Kibet, mwalimu wa historia chuo kikuu. Kila Jumamosi yeye na wenzake huangamiza majeshi ya jangwani mpaka chai iive. Na Daktari alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba atakayemletea kifaru aina ile, kizima, hakijaguswa na gundi, atampa pikipiki yake, ile ambayo mkewe alimkataza kuipanda tangu alipoingia nayo mtaroni.

Willis aliitaka pikipiki hiyo kuliko alivyotaka uzima wa milele. Siku ambazo ujanja haukulipa aliendesha bodaboda ya mtu, na kila jioni kurudisha ufunguo kulimuuma kama kung'olewa jino. Siku nyingine alikuwa mhakiki wa vifaru: alivishika vya wenzake mbele ya simu, akavisifu au kuviponda, na dunia ikamsikiliza. Hajawahi kununua hata kimoja.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe sana. Nunua kitu, mwana wefwe."

Willis aliinua boksi kwa vidole viwili, kama anayeokota soksi ya mlevi. "Hiki ulikitoa wapi? Mama, walikuonea. Kimevunjika."

"Kimevunjika wapi, na boksi ni zima?"

"Chungulia ndani. Kichwa huku, mzinga kule, minyororo pale. Hii si kifaru, ni ajali."

Mama Milcah akachungulia, akashika kiuno. "Yaya! Basi kiache hapo. Nitakitupa na takataka. Nenda zako, nisikupotezee wakati."

Hapo mtu asiye na haja angekwenda zake. Willis hakwenda.

"Usikitupe, Mama! Plastiki ya namna hii ni sumu, ng'ombe wa jirani akitafuna utapata kesi. Mimi ni mhakiki. Nitakuondolea bure, kwa roho safi."

"Mhakiki ndiyo nini?"

"Mtu wa kupima uzuri na ubaya wa kitu, halafu anaiambia dunia."

Mama Milcah alivuta kigoda, akaketi, akakunja mikono juu ya tumbo. "Basi pima. Nataka kuona vile niliibiwa."

Willis akasimamisha simu juu ya kichwa cha mdoli, akakohoa kama askofu, akaanza. Kwamba mzinga ni mwembamba, ukipiga chafya unavunjika. Kwamba minyororo imekuja nusu nusu, na nusu haijawahi kufika vitani. Kwamba maelekezo yamechorwa na mtu mwenye haraka ya kwenda haja.

"Endelea," akasema Mama Milcah.

"Na mtazame misumari yake, midogo kama mbegu za mrenda, imepangika sawa kabisa…" Sauti ilianza kulainika. Kidole chake kilikuwa kinapapasa ubavu wa kifaru kama mama anayepapasa mtoto mwenye homa. Akashtuka. "Yaani, sawa kupita kiasi! Hakuna kifaru cha kweli chenye nidhamu hivi. Aibu tupu."

"Aibu kweli. Na hicho kichwa?"

Kichwa nacho kikapata matusi yake. Kila Willis alipotaka kumaliza, Mama aliulizia kipande kingine, na kila kipande kilitukanwa kivyake.

"Sasa irushe," akasema Mama.

"Nirushe nini?"

"Hiyo video. Onyesha kibanda changu na namba ya simu hapo juu, watu wajue Mama Milcah hafichangi ubovu. Ama ulikuwa unanidanganya?"

Willis akalitupia boksi jicho. Alijiambia: nirushe sasa, nichukue boksi, nikifika kona niifute. Akairusha.

"Sasa umenisaidia," Mama akasema, akifunga kibanda na kulitia boksi kikapuni. "Huwezi kwenda hivi hivi. Leo unakula kwangu, na hutatoka bila kitu mkononi. Ebu simu yako, naona inakufa moto. Nitakuchajia jikoni."

Wasomaji wasimcheke. Mtu aliyelelewa pande hizi anaweza kukataa kazi, anaweza kukataa hata mchumba, lakini ingokho, kuku aliyepikiwa mgeni, hamkatai. Ni sawa na kumtemea mate mlangoni.

Kwa hiyo saa ya chakula Willis alikuwa nyumbani kwa Mama, Lurambi, mbele ya mlima wa obusuma, ugali wa kwao, na boksi lake juu ya kabati likimwangalia. Awinja, mdogo wake Mama Milcah, alimnawisha mikono kwa adabu kubwa. Kisha Mama akamwekea imondo, firigisi yenyewe, fungu la mwenye boma au la mgeni wa heshima. Aliyepewa imondo haulizi simu yake iko wapi. Haangalii mlango. Anatafuna. Na jogoo yule alikuwa mzee. Willis alitafuna kama anayekula soli ya kiatu cha polisi, huku Mama akiingia na kutoka jikoni akiongea na mtu kwa sauti ya chini.

"Ongeza mchuzi, kaka," akasema Awinja.

Ndipo pikipiki ikaingia uani. Ikakohoa, ikapiga chafya, ikazimika. Willis alikijua kikohozi kile kama wimbo wa kanisani. Imondo ikamkwama kooni.

Daktari Kibet akaingia na helmeti kwapani. "Willis! Asante kwa uhakiki. Nimeuona chai yangu haijapoa, nikampigia Mama hapo hapo."

"Daktari, kitu chenyewe ni kibovu! Nimesema wazi."

"Umesema. Hata kile kifaru cha vita vya theluji cha mwenzangu ulisema kina nyufa, ukakiondoa bure, halafu nikakikuta dirishani kwako, kizima, kimepakwa rangi. Mimi nafundisha historia, bwana. Shahidi akiapa sana, kwanza nauliza yeye atapata nini."

Mama Milcah akashusha boksi, akampa kwa mikono miwili. Daktari akalifungua, akanusa plastiki, macho yakamlegea kama ya mtu aliyepata wokovu. Akatoa ufunguo wa pikipiki. Mama akaupokea, akamrushia Awinja, naye akaudaka bila kuangalia.

"Mama," Willis akasema, sauti imekonda, "kumbe ulijua?"

"Mwana wefwe, mimi niliuza mitumba kabla hujaota meno. Mteja asiyetaka kitu hupita. Anayesimama kukitukana, huyo ndiye anakitaka. Wewe ulikitukana mpaka simu ikaisha moto!" Akainama chini ya meza, akatoa kuku hai, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. "Nilisema hutatoka bila kitu mkononi. Shika."

Willis akashukuru, kwa sababu kuku hai naye hakataliwi.

Nje, Awinja alikuwa ameshapanda pikipiki, kitambaa cha kichwa amekikaza.

"Nikupeleke mjini, kaka? Wewe ndiye abiria wangu wa kwanza. Kuku ataketi katikati."

Willis akapanda. Walipofika lami hakuweza kujizuia. Ulimi ukaanza kazi yake. "Hii pikipiki, dada yangu, nakuhurumia. Sikia inavyokohoa. Kiti kimechoka, breki zimelala, kioo kimoja kinaangalia mbinguni…"

"Endelea tu, kaka," Awinja akajibu, akiongeza moto. "Kumbe unaitaka hivyo?"